Magunzi ya ekari moja yanatosha bayocha ya shamba lote?

Swali: Mtaalamu, hujambo. Nina ekari moja Vihiga, magharibi mwa Kenya, napanda mahindi na maharagwe. Mbolea ya DAP natia kila msimu, lakini nikipata magunia 10 ya mahindi nashukuru Mungu, na upande wa chini wa shamba hata hayo sipati. Kijana mmoja amekuja kwenye chama chetu akasema tuchome magunzi tupate bayocha, tuimwage shambani, tuachane na mbolea ya duka, halafu kuna kampuni itatulipa pesa za kaboni. Kila mwanachama alete nakala ya kitambulisho na ya hati ya shamba. Jirani yangu alijaribu vumbi la makaa kwenye sukuma wiki, majani yakageuka manjano. Hii ni kweli au tunachezewa?

Jibu: Sijambo, mama. Bayocha ni kweli. Kuachana na mbolea si kweli. Pesa za kaboni, yaani malipo ya kufungia hewa ya ukaa ardhini, zipo, ila kwa ekari moja ni kidogo kuliko mlivyoambiwa. Na hati ya shamba iacheni kabatini kwanza, nitaifikia.

Nianze na sukuma wiki ya jirani, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu zaidi na ndiyo rahisi kueleza. Bayocha ni makaa yaliyotengenezwa kwa mabaki ya mimea, kwa moto mkali wenye hewa haba, ili yaende shambani badala ya jikoni. Ndani yake mna vijitundu visivyohesabika. Ikitoka motoni ni ghala tupu. Ukiimwaga shambani hivyohivyo, inaanza kujijaza kwa kile ilichokikuta udongoni, na cha kwanza ni naitrojeni. Vijidudu vya udongo navyo vinakimbilia ile sehemu ndogo ya makaa inayoweza kuliwa, na vinapokula vinataka naitrojeni yao. Sukuma, ambayo naitrojeni ndiyo majani yake, inabaki inaangalia. Jirani asing'oe mimea. Amwagie mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji, sehemu moja ya mkojo kwa sehemu tano za maji, au aweke samadi iliyooza vizuri kando ya shina. Vumbi la makaa lenyewe halina ubaya, mradi ni la mti na halijachanganywa na taka za soko. Kosa lilikuwa kulipeleka shambani likiwa na njaa.

Sasa tuhesabu, maana kijana wenu ameruka hesabu.

Magunia 10 ya kilo 90 ni kilo 900 za mahindi. Magunzi yake ni kama moja ya tano ya uzito huo, yaani kilo 180 yakiwa yamekauka. Ukiyachoma vizuri, unabaki na robo hivi, kilo 45 za bayocha. Kwa kipimo ninachokipendekeza, gramu 100 kwa kila shimo la mahindi, hizo zinatosha mashimo 450. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mashimo 450 ni kipande cha mita 10 kwa 10. Ekari yako ina vipande vya namna hiyo 40.

Usivunjike moyo. Hesabu hii ndiyo inayotuonyesha bayocha ni ya kazi gani. Haifai kunyunyizwa shamba zima kama chumvi. Ukifanya hivyo hutaona kitu, na utasema ni uongo. Ipeleke yote mahali pamoja, msimu huu hapa, msimu ujao pale, kwa sababu ikishaingia ardhini haihami. Na mahali pa kuanzia umenitajia mwenyewe: ule upande wa chini ambao hata magunia hayo 10 hayafiki.

Kwa nini huko? Udongo mwingi wa Vihiga ni wa zamani sana, umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, tena kaunti ina zaidi ya watu 1,000 kwa kilomita mraba moja, kwa hiyo hakuna shamba linalopumzishwa. Ardhi ya namna hiyo huwa na asidi. Na DAP mama, msimu baada ya msimu, inaongeza asidi, maana ile amonia iliyomo ikigeuzwa na vijidudu inaacha asidi nyuma yake. pH, kile kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imelala kwenye udongo inaamka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi unayoinunua kwa bei unayoijua inashikwa na chuma na aluminiamu kabla mahindi hayajaionja. Bayocha ya magunzi ina majivu yenye potashi na ina pH ya juu, mara nyingi 9 au zaidi, kwa hiyo inapunguza makali ya asidi pale pale ilipowekwa. Inashika maji. Inashika virutubisho ambavyo mvua ya Aprili ingeviteremsha mpaka mtoni.

Hili limepimwa kwenu, si kwa wageni. Watafiti waliokuwa na Johannes Lehmann wa Chuo Kikuu cha Cornell walifanya majaribio kwenye mashamba ya nyanda za juu za magharibi mwa Kenya yaliyofyekwa msituni kwa nyakati tofauti: mengine yalikuwa mapya, mengine yamelimwa miaka 100 hivi. Matokeo yalitoka 2008. Kwenye mashamba yaliyochoka kabisa, mahindi yaliyopata bayocha yalikaribia kuongezeka maradufu. Kwenye mashamba mapya tofauti ilikuwa ndogo. Walitumia bayocha nyingi kuliko utakayoipata wewe, kwa hiyo usinidai maradufu. Uchambuzi mwingine wa 2017 uliokusanya majaribio ya dunia nzima ulikuta nchi za joto zinaongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25, na nchi za baridi haziongezi chochote. Sababu ni hiyo hiyo: ardhi zao nyingi hazina asidi ya kurekebisha, na mbolea na chokaa wameshaweka za kutosha. Ndiyo maana anayesoma jibu hili akiwa kwenye ardhi ya magadi, au yenye pH inayozidi 7, asichukue ushauri huu. Atajiongezea shida.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo lolote, pimisha udongo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kakamega hakiko mbali nawe, na afisa wa kilimo wa wadi anajua njia ya kupeleka sampuli. Chukua upande wa juu peke yake na upande wa chini peke yake. Ukivichanganya utapata jibu la shamba ambalo halipo. Wakikuambia pH ni 5 au chini, nunua pia chokaa ya kilimo. Bayocha ya kilo 45 haitaifanya kazi ya chokaa.

Uchomaji wenyewe nitaueleza kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, na wanapoharibu wanachafua hewa kuliko wangeacha magunzi yaoze.

Sahau tanuru la wachoma makaa, lile la kufukia magogo kwa udongo na kuacha moshi utoke siku tatu. Moshi ule una methani, na methani inapasha dunia joto mara nyingi zaidi ya hewa ya ukaa. Unaweza ukaficha kaboni ardhini na huku umeachia madhara makubwa zaidi angani. Njia inayofaa ni shimo la wazi lenye umbo la faneli: juu upana wa mita 1 na robo, kina sentimita 70, kuta zimelala kuelekea chini, zimekanyagwa zikashikana. Chimba mbali na nyumba, mbali na migomba iliyokauka, na siku isiyo na upepo. Maji yawe karibu kabla ya kiberiti, mitungi mitano au sita ya lita 20.

Magunzi yawe makavu kweli, yale ambayo ukilivunja moja linalia kwa sauti. Yakiwa na unyevu, shimo litafuka na methani itarudi kwa mlango wa nyuma. Washa moto wa vijiti chini ya shimo mpaka uwe mkali, kisha tandaza magunzi, tabaka jembamba tu. Hapo kaa uangalie. Yatawaka kwa ndimi, baadaye ndimi zitapungua na utaona utandu wa majivu meupe unaanza kwenye kingo za magunzi. Huo ndio wakati wa tabaka linalofuata. Ukichelewa unapata majivu; ukiwahi unapata moshi. Ndimi za juu zinakula gesi na pia zinaziba hewa isifike chini, kwa hiyo makaa yaliyoko chini hayaendelei kuungua ingawa shimo liko wazi. Moshi ukitokea, acha kuongeza, subiri moto upate nguvu. Mtu mmoja awe na kazi hiyo tu, asitumwe dukani. Magunzi ya kilo 180 yatamchukua saa kadhaa.

Tabaka la mwisho likianza kuota utandu, zima. Mwaga maji mengi mpaka shimo lisitoe mvuke hata ukilikoroga kwa fito. Ukikosa maji, funika kwa udongo mbichi, kanyaga, usifukue mpaka kesho kutwa. Watu wanapoteza hapa: jioni wanaona pameshapoa, asubuhi wanakuta shimo la majivu, maana kijinga kimoja cha moto kilibaki chini.

Gunzi lililoiva vizuri limesinyaa lakini bado lina umbo lake, hata vile vishimo punje zilipokaa unavihesabu. Livunje: ndani ni jeusi kotekote, halina kiini cha kahawia. Sugua kiganjani, kisha nawa kwa maji bila sabuni. Weusi ukitoka, ni zuri. Ukibaki mafuta mafuta yenye harufu ya moshi, lina lami, liliungua kwa joto dogo. Hilo lirudishe kwenye shimo la msimu ujao. Na wala usije ukatupa humo karatasi za nailoni, mbao za rangi au mpira eti kwa sababu moto upo.

Ponda bayocha ikiwa na unyevu, ndani ya gunia, kwa mti au kwa miguu yenye buti, mpaka vipande vikubwa vilingane na punje ya mahindi. Ikiwa kavu itatimka, na vumbi lile si la kuvuta. Kilo 45 zitakuwa kama madebe 10, pengine zaidi kidogo.

Sasa ijaze. Ukiwa na ng'ombe wa zizini, kama walivyo wengi kwenu, njia bora kuliko zote haina kazi ya ziada: tandaza bayocha chini ya malalo yake. Itanyonya mkojo, harufu ya zizi itapungua, na samadi utakayoizoa itakuwa na naitrojeni ambayo zamani ilikuwa inapaa. Usiye na ng'ombe, changanya debe moja la bayocha na debe moja au mawili ya samadi au mboji, ongeza majani ya tithonia, yale machungu yenye maua ya manjano yanayoota kwenye ua, lowesha, funika kwa majani ya mgomba kivulini. Wiki nne zinatosha, zaidi ni bora. Nepal walijaribu kwenye malenge: kilo 750 tu kwa hekta ya bayocha iliyoloweshwa mkojo wa ng'ombe, ikawekwa kwenye mizizi, ikatoa mavuno zaidi ya mara nne ya mkojo peke yake. Malenge si mahindi, lakini ona uchache wa kile kiwango, na ona kwamba ilikwenda shimoni.

Kwako pia iende shimoni. Kikombe kikubwa cha chai ni karibu gramu 100 za bayocha kavu. Ukishaichanganya nusu kwa nusu na samadi, weka vikombe viwili kwa shimo, koroga na udongo, mbolea yako iwe hapo hapo ila isigusane na mbegu, kisha panda. Usiiache juu ya ardhi. Miteremko ya Vihiga unaijua. Mvua ya kwanza itaihamishia kwa jirani.

Mbolea yako, nimesema. Hii ndiyo sehemu ya maneno ya kijana ambayo ingewaumiza zaidi. Tani moja ya mahindi inaondoka shambani na kilo 15 hivi za naitrojeni ndani ya punje. Magunia yako 10 yanabeba kilo 13 na ushee, sawasawa na iliyomo kwenye mfuko mmoja wa kilo 50 wa CAN, mbolea ya kukuzia. Itarudi kwa njia gani? Bayocha haiitengenezi. Magunzi yenyewe yalikuwa na naitrojeni kidogo mno, na nyingi ya hiyo ilipotea motoni. Maharagwe yanasaidia, samadi inasaidia, lakini ukiacha mbolea kabisa, msimu wa pili utaniandikia tena. Linalowezekana ni kwamba kwenye kile kipande cha mita 10 kwa 10, mbolea ile ile itafanya kazi zaidi kwa kuwa haioshwi wala haishikwi na udongo kama zamani. Baada ya misimu miwili mitatu unaweza kujaribu kupunguza hapo kidogo kidogo, ukiangalia rangi ya majani. Na badala ya DAP kila mwaka, muulize afisa wa kilimo mbolea ya kupandia isiyoongeza asidi.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Magunzi hayo sasa hivi mnayafanyia nini? Kama ndiyo yanayopika ugali, ukiyapeleka shimoni utanunua kuni, na hasara hiyo haitalipwa na bayocha yoyote. Kwa nyumba kama hiyo namshauri mtu aangalie jiko la gesi ya kuni, lile linalowashwa juu na kuacha makaa chini chakula kikiiva. Watafiti wamelijaribu kwenye kaya za Embu na Kwale. Linatumia kuni kidogo, moshi kidogo, na makaa yanayobaki unayazima na kuyaweka akiba ya shamba. Unapika na unapata bayocha kwa moto mmoja. Mabua nayo yasiguswe kama ng'ombe anayala. Na miti isikatwe kabisa kwa ajili ya kazi hii. Mtu anayekata mti ili aufukie kama makaa hajaokoa hewa yoyote.

Tuje kwenye pesa. Gunzi likiachwa kuoza, kaboni yake inarudi hewani ndani ya miaka michache. Likiwa bayocha, sehemu kubwa inakaa. Kwenye Amazoni kuna ardhi nyeusi ambayo wenyeji waliitengeneza kwa makaa, mifupa, vigae na taka za nyumbani kabla Wazungu hawajafika, na mpaka leo ni nyeusi na inalimwa. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika miongozo yake ya 2019 linakadiria kwamba bayocha iliyochomwa kwa nyuzi 450 mpaka 600 hubaki na asilimia 80 ya kaboni yake baada ya miaka 100. Kwa hiyo dai lenyewe lina msingi, na makampuni ya nje yanalipa, mara nyingi zaidi ya dola 100 kwa kila tani ya hewa ya ukaa iliyofungiwa.

Lakini tani. Kilo 45 za bayocha zikiwa na kaboni asilimia 70, na ukihesabu hizo 80 zitakazobaki, ni kaboni kilo 25. Kilo moja ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ya ukaa, maana oksijeni ina uzito wake. Unapata kilo 90 hivi. Watu 11 wa chama chenu, kila mmoja na ekari yake, ndio wanatoa tani moja kwa msimu. Kwa bei ya dola 100, wewe ni dola 9, kabla hajalipwa mpimaji, maabara, mkaguzi, mwenye programu ya simu inayopiga picha za mashimo, na kijana mwenyewe. Ndiyo maana miradi inayofanikiwa hukusanya maelfu ya wakulima, au hukaa penye rundo kubwa la mabaki mahali pamoja: maganda ya mpunga kinuni, maganda ya kahawa kiwandani, makapi ya miwa. Kama kampuni hiyo inaweza kuwaletea bayocha ya makapi ya miwa kutoka huko Kakamega badala ya kutaka magunzi yenu, hapo tuna mazungumzo mengine kabisa, na vile vipande 40 vinaanza kufikika.

Mwiteni kijana mbele ya chama, aulizwe. Cheti cha kaboni, kile kinachothibitisha tani zilizofungiwa na ndicho kinachouzwa, kitakuwa cha nani? Mkataba ni wa miaka mingapi, na mkitaka kutoka? Atalipa kwa kilo ya bayocha iliyopimwa mbele yenu, au kwa tani baada ya kuuza, siku isiyojulikana? Kampuni imeandikishwa wapi? Kenya ina sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 na kanuni za masoko ya kaboni za 2024. Miradi iko chini yake, na mtu mkweli atajua aandike wapi na aonyeshe nini. Akiwataka ada ya kujiandikisha, mkutano uishie hapo. Nakala ya hati ya shamba haihitajiki ili mtu ajifunze kuchoma magunzi, na haipaswi kutoka mkononi mwenu kabla mkataba haujasomwa na mwanasheria, au hata mwalimu mstaafu mwenye subira, kwa sauti, kwa lugha mnayoielewa.

Kuhusu wakati: kwa mahindi ya mvua ndefu, sampuli ya udongo iende mapema Januari, magunzi ya mavuno ya Desemba yachomwe kabla ya mwisho wa Januari, na mchanganyiko ulale kivulini Februari yote. Siku ya kupanda, pima kipande cha mita 10 kwa 10 upande wa chini ukiwekee bayocha, na kando yake kipande kingine sawa na hicho usikiwekee, mbegu na mbolea zikiwa zile zile. Wakati wa kuvuna, pukuchua kila kimoja peke yake, upime kwa gorogoro, uniandikie.